Chupa moja ya dripu kwa wodi nzima, na famasi isiyo na chumba safi

Nimeletewa swali na mdogo wetu mmoja, mteknolojia wa dawa, yuko hospitali ya wilaya huku kwetu Tanzania, mwaka wa pili kazini. Nalifupisha hapa. Anasema: "Shikamoo dada. Wodi ya watoto kila asubuhi inawekwa chupa moja ya dripu ya chumvi, nusu lita, pale mezani pa sindano. Kwenye kizibo imechomekwa sindano inakaa humo humo, kila nesi akitaka kuyeyusha dawa anakuja na bomba lake anavuta, mpaka jioni, saa ingine inalala mpaka kesho. Nikisema wananiambia mbona miaka yote. Alafu mfamasia wetu anataka dawa za mshipa za watoto tuanze kuchanganya famasi, ila hatuna chumba maalum na kuna mtu katuambia bila chumba safi cha mamilioni tusiguse. Hiyo chupa ina shida kweli au ni mambo ya vitabuni? Na tukianza, tuanzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na chupa maana hiyo haisubiri bajeti wala kikao. Iondoe. Ongea na sista msimamizi wa wodi leo hii, mweleze vizuri kwa heshima, muiondoe wote wawili mkiwa pamoja ili isionekane famasi imekuja kuwafundisha kazi.

Hilo jibu la "mbona miaka yote" nalijua, nimelisikia wodi nyingi, na ubaya wake ni kwamba mtoto akipandisha homa siku ya tatu wodini hakuna anaerudi kuiangalia chupa, tunasema malaria imegoma, tunasema kaja na maambukizi yake kutoka nyumbani, tunabadilisha antibayotiki maisha yanaendelea. Chupa yenyewe ilishatupwa tangu juzi. Kwahiyo hakuna aliyewahi kuikamata ikimuumiza mtu maana hakuna aliyewahi kuipima. Na kwa macho huoni kitu, maji yanaweza kuwa na bakteria laki moja kwenye kila mililita na ukiyainua dirishani bado yanang'aa kama ya chemchem. Ukungu unaanza kuonekana wakiwa mamilioni. Hii ndo sababu kazi yetu haiwezi kuongozwa na macho.

Sasa fikiria kinachotokea pale mezani. Ile sindano iliyoachwa kwenye kizibo ni mlango ulioachwa wazi, hewa ya wodi inaingia humo kila maji yanapovutwa, maana maji yakitoka lazima kitu kiingie kujaza nafasi. Kitako cha sindano kinashikwa na mikono kumi tofauti. Na wapo bakteria wanaopenda maji, klebsiela, serasha, hawa hawahitaji chakula kingi, wanazaliana kwenye joto la kawaida la chumba, na huku kwetu joto la chumba mchana unalijua mwenyewe. Dripu ya sukari ndo kabisa, hiyo ni kama umewapikia. Na hapo sijagusa bado virusi.

Kwenye virusi nikupe kisa kimoja ambacho mimi huwa nakitumia kila nikifundisha manesi, kwasababu kilitokea mahali ambapo watu wana kila kitu. Mji mdogo unaitwa Fremont, jimbo la Nebraska, Marekani, kliniki ya wagonjwa wa saratani, kati ya mwaka 2000 na 2001. Pale walikuwa na mfuko wa maji ya chumvi wa mililita 500, mfuko mmoja wa kusafishia mipira ya mishipani kwa wagonjwa wengi. Nesi anachota damu kwenye mpira wa mgonjwa kwa bomba, alafu bomba hilo hilo anaenda kuvutia maji kwenye mfuko wa wote. Mmoja wa wagonjwa alikuwa na homa ya ini C. Walipokuja kuhesabu, wagonjwa 99 wameambukizwa homa ya ini C wakiwa wamekuja kutibiwa saratani. Tisini na tisa, kwa mfuko wa nusu lita, ukubwa ule ule wa chupa yenu. Utaniambia nyie kila mtu anakuja na bomba jipya. Sawa, siku zote? Saa nane usiku nesi mmoja na watoto arobaini? Mi sitaki usalama wa mtoto utegemee nesi aliyechoka akumbuke kitu, nataka hata akisahau isiwezekane kudhuru, na ili isiwezekane chupa ya wote isiwepo kabisa mezani.

Badala yake tumieni ampulu ndogo za maji ya sindano, za mililita 5 au 10, unavunja, unavuta, inayobaki unatupa. Najua kitakachosemwa, ampulu zimeisha bohari, na ni kweli zinaisha. Zikiisha chukua chupa ndogo kuliko zote mliyonayo, iwe ya mtoto mmoja, andika jina lake, kizibo kipanguswe kabla ya kila kuchoma, sindano isiachwe humo, na mwisho wa zamu imwagwe hata kama imebaki robo tatu. Ni hasara ndio. Ila hiyo ni njia ya dharura tu, ampulu zikija mnarudi kwenye ampulu. Na kwenye kuagiza, we ndo mwenye ledja, agiza maji ya kuyeyushia kwa kuhesabu idadi ya dozi za unga mnazotumia kwa mwezi, sio kwa kukisia, maana nimeshaona vituo vinaagiza vayo (vichupa vya dawa) elfu mbili za dawa ya unga na ampulu mia tatu za maji, alafu tunashangaa chupa ya wote imetoka wapi.

Kabla sijaondoka hapo mezani, angalia kama kuna kile kibakuli cha pamba zilizolowekwa spiriti tangu asubuhi. Kitoe nacho. Mwongozo wa WHO wa sindano salama wa mwaka 2010 umekataza wazi pamba zilizolowekwa na kuwekwa kwenye chombo, kwasababu kila mtu anachovya vidole humo, spiriti inapungua nguvu kwa kukaa wazi, na kuna mbegu za bakteria ambazo spiriti haiziui hata ikiwa kali vipi. Lowesha pamba pale pale unapoitumia, pangusa kizibo cha mpira, subiri kikauke chenyewe, usipepee wala kupuliza. Na spiriti iwe asilimia 70. Watu wanadhani kali zaidi ndo bora, hapana, ile ya tisini na kitu inakauka haraka mno kabla haijafanya kazi, maji yale asilimia 30 ndo yanasaidia kuharibu protini za mdudu.

Haya, twende kwenye wazo la mfamasia wenu. Mi naliunga mkono. Ila naomba muelewe mnachobadilishana, maana kuna kitu watu hawakisemi: ukitoa uchanganyaji wodini ukauleta famasi unapunguza makosa madogo madogo ya kila saa, lakini kosa likitokea famasi linaenda kwa watoto wote kwa mkupuo. Nesi akikosea pale wodini kakosea kwa mtoto mmoja. Wewe ukikosea umekosea trei nzima.

Makosa madogo ninayosema ni haya. Chukua jentamaisini, antibayotiki, ile ampulu ya miligramu 80 kwenye mililita 2. Mtoto mchanga wa kilo 3 kaandikiwa miligramu 5 kwa kilo, ni miligramu 15, kwenye ampulu ile ni mililita 0.375. Nani anapima 0.375 kwa bomba la mililita 2 chini ya taa moja inayowaka kwa kusitasita? Na nukta ikihama ni 3.75, umempa mara kumi, masikio na figo zake zimo hatarini. Famasi mtaifanya hivi: mililita 2 za ampulu mnaongeza mililita 6 za maji ya chumvi, inakuwa mililita 8 zenye miligramu 10 kila moja, dozi yake ni mililita 1.5 inayopimika bila kubishana. Hesabu inafanywa mara moja, inaandikwa ukutani, inahakikiwa na watu wawili. Hapo ndo faida ya famasi ilipo, kuliko hata usafi.

Au chukua krista peni, yaani penisilini ya sindano, ile ya miligramu 600 yaani yuniti milioni 1. Unga wenyewe una ujazo wake, unachukua kama mililita 0.4. Kwa sindano ya msuli ukitaka mililita 2 unaweka maji mililita 1.6. Wengi wanaweka 2 kamili, inakuwa 2.4, alafu mtoto anaetakiwa yuniti laki 5 anachotewa mililita 1 na anapata laki 4 na elfu 17 hivi, karibu sehemu moja ya sita ya dozi imeyeyuka kwenye hesabu, kila sindano, siku zote za matibabu. Hakuna aliyeiba dawa. Karatasi ya ndani ya boksi haikusomwa, basi.

Ila sio kila dawa mnaichukua, na hapa vituo vingi vinakosea kwa hamasa. Artesuneti, dawa ya malaria kali, iacheni wodini. Vayo ya miligramu 60 inayeyushwa kwanza na mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nayo kwenye boksi (sio maji ya sindano, narudia, kila dawa na kiyeyushio chake), mnasubiri iwe angavu, alafu mililita 5 za maji ya chumvi kama inaenda mshipani, mnapata miligramu 10 kwa mililita. Mtoto wa kilo 14 yuko chini ya kilo 20 kwahiyo ni miligramu 3 kwa kilo, 42, sawa na mililita 4.2. Ikishayeyushwa ina saa moja tu, inayobaki inatupwa, dozi ya baada ya saa 12 ni vayo nyingine. Mkiichanganya famasi saa mbili asubuhi iende kutumika saa tano mmeharibu dawa ambayo ilipiganiwa sana. Utafiti wa AQUAMAT wa 2010 ulichukua watoto 5,425 kwenye nchi tisa za Afrika, Kilifi kule Kenya na Tanzania yetu wakiwemo, ukaonesha artesuneti imepunguza vifo kutoka asilimia 10.9 za kwinini mpaka 8.5, kwahiyo tusiipoteze kwa uzembe wa saa. Ampisilini nayo ni ya saa moja ikishayeyushwa, nayo ibaki wodini, nyie wapelekeeni jedwali la kuyeyushia lililochapwa kwa maandishi makubwa.

Seftriaksoni, antibayotiki nyingine, mnaweza kuichukua, na mkiichukua mtakuwa mmepata nafasi ya kuzuia kitu ambacho mimi kinaninyima usingizi. Kalsiamu. Dripu ya Ringer lakteti ina kalsiamu ndani, na seftriaksoni ikikutana na kalsiamu inaganda, inatengeneza punje. Nikiwa bado mwanafunzi wa mazoezi, hospitali ambayo sitaitaja, niliona nesi mzuri tu, mwenye moyo wa kazi, kayeyusha seftriaksoni kwa Ringer kwasababu ndo iliyokuwa imening'inia, na mrija ukaanza kuwa na weupe kama tui. Tulifunga mrija mgonjwa akiwa hajapata kitu, mtu mzima, alipona. Lakini kwa vichanga kuna vifo vilivyoripotiwa, punje zilikutwa kwenye mapafu na figo, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo. Msimamo uliopo ni kwamba mtoto wa siku 28 kushuka chini hapewi kabisa seftriaksoni kama anapewa au atahitaji kupewa kalsiamu ya mshipani. Wakubwa zaidi ya hapo zinaweza kupishana, moja baada ya nyingine, mrija ukisafishwa katikati kwa maji ya chumvi, ila kamwe kwa pamoja. Na ile iliyoyeyushwa kwa lignokeni (dawa ya ganzi) kwa ajili ya msuli isiingie mshipani, bandikeni lebo tofauti rangi tofauti hata kwa kalamu ya wino mwekundu.

Hapo hapo, msichanganye jentamaisini na penisilini wala na hiyo seftriaksoni kwenye bomba moja ili "kuokoa mabomba", zinauana nguvu. Bomba moja dawa moja.

Potasiamu kloraidi ni habari nyingine na naomba mfamasia wenu aikazanie kuliko zote. Ile ampulu ya asilimia 15, mililita 10, ina milimoli 20 na inafanana na ampulu ya maji. Itolewe wodini kabisa ikae famasi, iwe inatoka ikiwa imeshachanganywa kwenye dripu. Na anaechanganya ajue kwamba potasiamu ni nzito kuliko dripu, ukiichoma kwenye mfuko uliokwisha ning'inizwa inashuka chini inakaa pale pale mrija unapoanzia, na mgonjwa anaipata yote ya mwanzo kwa mkupuo, moyo unasimama na cheti kitaandikwa kitu kingine. Mfuko ushushwe, dawa iwekwe, upinduliwe juu chini mara kumi, ndo uning'inizwe.

Sasa upande wa pili wa mizani, kosa la famasi. Mwaka 2012 Marekani kulikuwa na famasi ya kuchanganya dawa, New England Compounding Center, mji wa Framingham, Massachusetts. Walitengeneza sindano za steroidi za kuchoma mgongoni, hazina kihifadhi. Fangasi wakaingia. Watu zaidi ya 750 kwenye majimbo 20 waliugua, wengi homa ya uti wa mgongo ya fangasi, na 64 walifariki kwa hesabu ya mwaka uliofuata. Hawa walikuwa na vyumba safi, walikuwa na mashine, mavazi, kila kitu ambacho huyo mtu kawaambia bila hicho msiguse. Vipimo vyao wenyewe vya chumbani vilikuwa vinaonesha ukungu na bakteria na hawakuchukua hatua, na dawa ilikuwa inatoka kwenda kwa wateja majibu ya kipimo cha usafi hayajarudi. Kwahiyo mtu akikwambia chumba cha mamilioni ndo usalama, mwambie chumba walikuwa nacho.

Na kwa upande wenu nisikutie hofu ya bure. Wamarekani hao hao kwenye kitabu chao cha viwango, USP, sura ya 797, toleo lililoanza kutumika Novemba 2023, wameweka ngazi ya kwanza ambayo haidai chumba safi kamili. Inadai hudi inayofanya kazi, yaani kabati la hewa iliyochujwa, likiwa kwenye eneo lililotengwa, na kinachopunguzwa ni muda: dawa iliyochanganywa hapo ina saa 12 kwenye joto la kawaida au saa 24 kwenye friji, zaidi ya hapo hapana, hata kama kikemia dawa bado ni nzima. Mi sisemi mfuate sheria za Marekani, nyie mna Baraza la Famasi na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na miongozo ya wizara, mfamasia wenu aende huko kwanza aulize na apate kibali. Nakuonesha fikra tu: ukishindwa kununua hewa safi, lipa kwa kupunguza muda. Famasi ya wilaya inayochanganya asubuhi kwa ajili ya mchana haihitaji chumba cha kiwanda. Mnapoanza kutaka kuchanganya Ijumaa itumike Jumatatu ndo mmevuka mstari.

Bila hudi kabisa je? Hapo msichanganye vya kuweka. Fanyeni mahesabu, lebo, vifungashio vya dozi, nesi ayeyushe pembeni ya kitanda na atumie hapo hapo. Hata hilo peke yake litawapunguzia makosa mengi.

Hudi yenyewe mkipata, hata ya msaada, muielewe. Kanuni yake ilitoka kwa mwanafizikia Willis Whitfield wa maabara ya Sandia, New Mexico, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa anahangaika na vumbi kwenye vipuri vya silaha, akaona badala ya kufuta vumbi bora hewa itiririke upande mmoja bila kuzunguka, iwe kama mto unaosukuma taka. Hewa inapita kwenye chujio la HEPA linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 na inakuja kwa mwendo wa karibu mita 0.45 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kitoto, mdogo wangu. Ukikohoa umeushinda. Feni ya darini ikiwaka umeushinda. Mtu akifungua mlango kwa nguvu, umeushinda. Kwahiyo eneo lisiwe njia ya kupita, lisiwe na dirisha linalofunguliwa, sinki iwe mbali angalau mita moja, na maboksi ya katoni yaishie nje, maana katoni imebeba mbegu za ukungu kutoka stoo, toeni dawa kwenye boksi nje, pangusa kila vayo, ndo iingie. Na simu, jamani. Simu ibaki nje.

Ndani ya hudi fanyeni kazi sentimita 15 kutoka ukingo kwenda ndani, na msizuie hewa ya kwanza. Hewa inayotoka kwenye chujio iguse kizibo na ncha ya sindano kabla haijagusa kitu kingine chochote. Watu wananawa vizuri, wanavaa glavu vizuri, alafu wanapitisha mkono juu ya vayo au wanapanga chupa nyuma ya chupa kama ukuta, na hapo kila kitu kimekwisha maana hewa inapita kwenye mkono ndo inafika kwenye dawa. Mkono ndo mchafu kuliko vyote humo ndani, hata ukiwa na glavu. Pete, hereni zinazoning'inia, rangi za kucha, vyote nje. Nawa mpaka viwiko nusu dakika nzima, sio ile ya kulowesha. Glavu tasa, zipanguswe kwa spiriti asilimia 70 kila ukigusa kisichoeleweka.

Lebo: jina la mtoto, namba ya faili, dawa, kiasi kwa miligramu na kwa mililita, kimeyeyushwa na nini, saa ya kuchanganywa, saa ya kutupwa, saini mbili. Saini ya pili isiwe ya kuiga. Mwaka 2006 huko Ohio mtoto wa miaka miwili alikuwa anamalizia tiba yake ya saratani, fundi wa famasi akamtengenezea dripu ya dawa kwa maji ya chumvi ya asilimia zaidi ya 23 badala ya ile ya kawaida ya 0.9, mfamasia akapitisha, mtoto akafariki. Kwenye trei, anaehakiki aone chupa tupu zenyewe na bomba likiwa limevutwa mpaka alama, sio kuambiwa "nimeweka mbili na nusu".

Dawa za saratani mfamasia wenu asiziguse kwa hudi hii, nasema kabla hajashawishika. Hudi ya kupuliza kwa mbele inakupulizia sumu usoni, zile zinataka kabati la kushusha hewa chini na kuivuta, zinataka mafunzo yake kabisa, na zina makosa yasiyosameheka kama vinkristini kuchomwa kwenye uti wa mgongo, ambayo WHO mwaka 2007 ilibidi itoe tahadhari ya dunia nzima kwa ajili yake peke yake. Wagonjwa hao wana sehemu zao za rufaa.

Umeuliza muanzie wapi, na ukiniuliza mimi kifaa cha kwanza kununua, kabla hata ya hudi, nitakwambia supu ya kuoteshea bakteria. Maabara yenu inaijua, ile ya soya. Kila atakaechanganya dawa achanganye kwanza supu badala ya dawa, kwa hatua zile zile, avute, achome, ahamishe, kwa idadi ile ile ya kuchoma atakayofanya siku ya kazi ngumu, na afanye mwisho wa zamu akiwa amechoka, sio asubuhi akiwa fresh. Vichupa vikae siku 14, saba kwenye nyuzi 20 mpaka 25 na saba kwenye 30 mpaka 35. Siku ya kumi na nne mkusanyike wote mviinue dirishani kwenye mwanga. Ambae kichupa chake kimeingia ukungu msimfokee wala msimcheke, mpeni bomba na vayo tupu arudie mbele yenu pole pole, na muangalie vidole vyake viko wapi.